Mstari Mwekundu Juu ya Jiko la Mama

Mdogo wangu mpendwa,

Uigaji ni kuunda ndani ya kompyuta mfano wa jambo, kwa kufuata kanuni zake, ili jambo hilo lichunguzwe bila kutendeka. Naanza na maana hii kwa sababu najua utajitetea kwayo.

Unakumbuka siku mbuzi wa Mama alipokata kamba? Mimi nilimkimbilia pale alipokuwa, na kila alipogeuka niligeuka. Wewe ulikatiza katikati ya maharagwe, ukamkuta pale alipokuwa anaelekea. Mama aliegemea jembe akicheka: "Eh, weye mukubwa! Unakimbiza mukia tu!"

Katika video ya uigaji wako wa kombora uliyotutumia umezipa mbinu hizo mbili majina ya kitaalamu, ukaeleza kwa nini ya pili hulifikisha kombora mapema zaidi. Hesabu zako nimezirudia, ni sahihi. Ningejivuna, lau ungeishia hapo.

Lakini ulihitaji ardhi ya majaribio. Ukachagua kilima chetu juu ya Kashebere, "kwa heshima ya Mama", na shabaha ukaiweka jikoni kwake, kwa kuwa ndipo unapopajua bila ramani. Sasa unaomba baraka zake kabla ya kuutetea utafiti huo mbele ya maprofesa.

Tangu vita itukimbizie hapa Mweso, Mama hajakiona kilima kile. Nilipomshikisha simu aione video yako, aliita majirani: "Mukuje! Hii njo kwetu! Muone na mugomba yangu!" Kisha mstari wa njia ya kombora ukashuka kutoka angani, ukakomea jikoni.

"Na hii mustari nyekundu," akauliza, "inakuya kufanya nini kwangu?"

Nilishikwa na kinyaa, na nataka ujue hasa kwa nini. Si kwa sababu ya kompyuta, wala ya hesabu. Ni kwa sababu uliuchora mgomba wa Mama kwa uangalifu ule, jani kwa jani, ili kombora lipate mahali pa kuangukia.

Nilimweleza Mama ukweli. Akasema: "Umuambie atoe mustari, abakishe mulima tu. Hapo njo nitamubariki." Mimi siongezi neno juu ya sharti hilo.

Ubaki salama huko uliko. Kwa maana ya neno uigaji, hakuna kilichotendeka; hilo nakukubalia. Ila leo asubuhi, akipeta maharagwe, Mama aliniuliza kama jiko lake lingali limesimama. Wewe uliyelipiga tena na tena hadi hesabu ikakubali, ungemjibu nini?

Dada yako,
mkimbiza mkia