Vitambaa Ulivyomtumia Binti Yangu

Shangazi,

Shikamoo. Huku hatujambo. Cherehani niliyonunua inashona vizuri, na binti yangu sasa ananizidi urefu.

Vitambaa ulivyomtumia baada ya kusikia amevunja ungo vimefika. Sitampa. Uliponilea uliniambia, "Vianike chini ya kitanda, mwanamume asivione." Nikavivaa vikiwa vibichi miaka minne. Nilipokueleza kwamba nawashwa na natoa harufu, ulisema, "Vumilia, ndio uanamke." Nilipopelekwa hospitali nikiwa na homa, nesi aliniuliza nalelewa na nani. Nikasema sina mtu.

Juzi tulikwenda dukani. Mwanangu alimuuliza muuzaji, mbele ya wanaume, tofauti ya pedi za kutupa na za kufua. Mkono wangu uliinuka kumziba mdomo. Niliushusha, nikaona aibu kwamba wewe bado umo ndani yangu.

Alichagua za kufua. Leo asubuhi alizianika uani, juani. Baba yake akazisogeza kidogo, akatundika shati lake, akaenda kazini. Mimi niliingia ndani nikalia. Kumbe ilikuwa rahisi namna hiyo, Shangazi.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako