Umeme Kwenye Goti la Mama

Jumatano, 10 Septemba
Hapana mama, hakiui mtu! Kina betri mbili tu, kama za rimoti. Ndivyo nilivyomjibu. Nimemletea kimashine kimoja kati ya vile ninavyouza sokoni, vya kutuliza goti lenye baridi yabisi. Unabandika vibandiko viwili vyenye waya, unawasha, umeme unatekenya.
Kanitazama kama nimemletea nyoka. "Kawauzie wajinga wenzako, Rangel!"
Sawa. Lakini Jumapili mdogo wangu Vasko anaoa, na mama wa bwana harusi ndiye anayeongoza ngoma ya horo. Mbele kabisa, kitambaa mkononi, ukumbi mzima umeshikana mikono nyuma yake. Asipoweza, kitambaa anachukua shangazi Zlatina. Keshanunua viatu!

Alhamisi, 11 Septemba
Kakubali! Nabandika — vinadondoka. Nabandika tena — vinadondoka. Kimoja kimeondoka na paka.
Nikanusa goti. Mafuta ya nguruwe na rakia, ile pombe kali! Eti bibi yake alijipaka hivyohivyo.
Mama, goti liwe safi!
"Rakia inasafisha."

Ijumaa, 12 Septemba
Sabuni. Taulo. Vibandiko vipya. Nusu saa. Halafu kainuka kufuata chumvi, hakushika meza. Nimeona. Naye kaona kwamba nimeona.
"Ni ile supu ya maharage," kasema.
Tulipozima, baada ya saa moja maumivu yakarudi. Kumbe kinatuliza tu. Sokoni huwa napiga kelele kwamba kinaponya. Mmh.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimeuza vinne. Zlatina kapita: "Mwambie wifi yangu nitamwekea kiti kizuri, anitazame vizuri."
Nikafunga biashara mapema. Mimi!

Jumapili, 14 Septemba
Niko ndani, mwisho wa ukumbi, naandika mbiombio. Mama kajibandika mwenyewe chumbani, eti mtoto wa kiume asimfunue miguu siku ya harusi. Kimashine kiko kiunoni, chini ya sketi. Sasa hivi ndipo ananinong'oneza: alfajiri alilipaka goti mafuta tena. Kidogo tu, ya bahati.
Bahati!
Zumari limelia. Kitambaa juu, mama mbele, anacheka. Kibandiko kimedondoka, waya unaning'inia kwenye pindo la sketi — Zlatina kauona!
Haya daftari, tupatane. Nipe mizunguko mitatu, mama asikae. Mimi kuanzia Jumamosi ijayo sokoni nasema "kinatuliza" tu, mteja akitaka asitake. Mitatu. Mmoja umekwisha. Kwenye wa pili mama anachechemea, lakini kitambaa hajakishusha. Umekubali?