Waliochuchumaa Kwenye Foleni ya Kura

Buzuruga, Alhamisi.

Dada Teodora, shikamoo.

Huku hatujambo, na mbuzi wako amezaa mapacha. Jana nimepiga kura! Zamani sheria ilitukataa sisi tuliofungwa, sasa tumerudishiwa haki yetu, nikavaa lile shati la harusi yako.

Foleni ilikuwa ndefu. Askari akapaza sauti, "Kaeni vizuri niwahesabu!" Dada, miguu haikuniomba ruhusa. Nikachuchumaa, mikono kichwani, kama tulivyohesabiwa gerezani kila asubuhi. Watu wakaangua kicheko. Nikageuka kwa aibu, na nyuma yangu nikamwona Mzee Mashimba, mwalimu wetu wa kwaya, naye amechuchumaa! Yule aliyetuambia alikaa Zambia miaka minne akisomea muziki.

Tukatazamana. Akaninong'oneza, "Masalu, usicheke. Na wewe si ulikuwa Dubai?"

Kumbe ule uongo wa Dubai uliowaambia wakwe zako umefika mpaka kanisani.

Krismasi nakuja kwako. Wakwe zako waambie ukweli mwenyewe, dada, kabla shemeji hajasimama kuhesabu watu wa kula.

Mdogo wako mwenye wino kidoleni,
Masalu