Ukimya wa Baba Yangu

Masuguru, Korogwe
Jumanne, asubuhi ya manyunyu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Mguu wa mama yako umepona, na mahindi ya Kwamsisi yamestawi.

Unaniomba ruhusa mwanamume mmoja abatizwe huko kwenu Wamormoni kwa niaba ya marehemu baba yangu. Niliogopa. Mwislamu tuliyemzika kwa dua, leo aitwe muumini wenu? Nawe unasema hapana, si wenu mpaka akubali mwenyewe huko aliko.

Nilipochumbiwa na mtu wa Kabuku, siku ya kufunga ndoa mashahidi walikuja mlangoni kuniuliza kama nimeridhia. Nikanyamaza. Shangazi akacheka, "Mwali akinyamaza amekubali! Vigelegele!"

Baba akapaza sauti kutoka barazani, "Asipige mtu! Mimi ndiye walii wake, na sijasikia neno." Nyumba nzima ikatulia. "Mwanangu, sema."

Nikasema sitaki. Pilau ikaliwa na majirani.

Basi na aingie majini mkitaka, siwazuii. Ila sasa aliyenyamaza ni baba, na hakuna shahidi wa kumwendea mlangoni. Usimpigie vigelegele.

Bibi yako