Pasipoti ya Kwenda Jeju

Shoga, katika ukoo wetu hakuna anayenishinda kwa kudanganya. Na leo nimeumbuliwa na dada yangu Bun-nam, ambaye asubuhi hii hii alikuwa anavaa soksi mikononi.

Unajua saratani ya tumbo imeshamfikisha pabaya, na mwanawe Gyu-sik ametukataza kumwambia. Yeye humwambia ni vidonda tu. Na dada akili zinampotea siku hizi; akisahau, Gyu-sik anamdanganya upya.

Sasa tulitaka apigwe picha ya kuwekwa siku ya mazishi yake, kabla hajakonda zaidi. Tukamvika hanbok yake ya waridi, lile vazi letu la jadi la Kikorea. Kufika studio, akang'ang'ania mlango: "Picha ya nini?"

Gyu-sik akageukia ukutani. Mimi na mdomo wangu: "Ya pasipoti, dada! Tunakwenda Jeju kula samaki."

Pasipoti! Ya kwenda Jeju! Kisiwa cha nchi yetu wenyewe! Sijui ilinitoka wapi.

Akakubali, shoga. Akakaa, akapakwa rangi ya mdomo, akamkonyeza hata mpiga picha. Nikajipongeza kimoyomoyo.

Mara akaniita kwa kidole. "We mtoto, Jeju wanataka pasipoti tangu lini?"

Nikajifanya namnyoosha kola. Akaendelea:

"Hii si ile ya kuwekwa katikati ya maua, watu waje waisujudie?"

"Dada, acha mambo yako! Ya pasipoti, naapa!"

Akamtazama mwanawe aliyejibanza nyuma ya pazia, kisha akanigeukia taratibu.

"Basi huyo analilia nini? Amenyimwa viza?"