Wanasema Mama Yangu Hana Mtu

Mama Loy,

Naomba unisaidie kabla sijamfanyia mtu jambo la kujutia, maana tangu Jumamosi damu inanichemka na hapa kazini Malaba wenzangu wananikwepa. Mimi ni wakala wa kupitisha mizigo mpakani, nina mke, Caro, na binti yetu Nerima yuko kidato cha tatu, bweni, huko Busia, na nilimpeleka asome, lakini kumbe pale kuna mwalimu anaitwa Okware ambaye kila wikendi anawatoa watoto kwenye vitabu, mara mpira, mara kwaya, mara wanakwenda vijijini kuwasaidia wazee wasio na mtu, eti ndivyo mtoto anavyokomaa. Hayo nilivumilia. Jumamosi ilikuwa siku ya wazazi, kwaya ikaimba wimbo kwa Kisamia, Nerima mbele anaongoza, maneno yake nyumba inavuja, kukhu, yaani bibi, hana mtu, na mimi nikapiga makofi pamoja na wenzangu mpaka viganja vikauma. Ndipo Okware akasimama kueleza kwamba wimbo huo waliutunga wakikanyaga udongo kwa bibi mmoja wa Lunyo, bibi mwenyewe ndiye aliyewapa sauti ya kuuimbia, nyumba yake ilikuwa imebomoka upande wa nyuma na mwenyekiti wa kijiji aliwapeleka kwake kwa sababu hana mtu. Akataja jina la bibi. Ni mama yangu mzazi. Wazazi wa Lunyo wote waligeuka kunitazama. Mama Loy, kwani mimi si mtu?

Na ule ukuta wa nyuma haukuanguka kwa kukosa mtu, mimi mwenyewe ndiye niliyekataza usiguswe, hata jirani alipotaka kuukandika nilimwambia aache, kwa sababu nitaibomoa nyumba yote nimjengee mama ya matofali, ila tangu hapo sijapata nafasi, malori hayaishi, unaijua Malaba. Krismasi nilimpelekea blanketi. Basi nilimkemea Okware mbele ya watu, nikamtoa binti yangu shuleni siku ile ile. Njiani nikamuuliza kwa nini hakusema kwamba yule ni bibi yake, akasema, “Baba, mimi sikujua pale ni kwetu, nililetwa nikiwa mdogo. Kukhu aliniuliza jina, nikasema Nerima. Akacheka, akasema hata yeye ni Nerima, na kijana wake wa Malaba ana msichana wa hilo jina lakini sura yake ya sasa haijui. Nilikuwa na udongo mkononi. Nikaona haya kumwambia, nikaendelea kukandika.” Tangu hapo hajaniongelesha. Caro naye ananipakulia chakula kama mgeni. Wiki ijayo kwaya inakwenda Tororo kwenye mashindano na mimi nimesema haendi, wala Tororo, wala mpira, wala udongo. Niambie nimshtaki mwalimu huyu wapi, na nifanyeje binti yangu aniheshimu.

Baba Nerima, Malaba

Baba Nerima,

Pole. Kuaibishwa mbele ya wazazi wenzako kunauma, na kuaibishwa na mtoto uliyemzaa kunauma zaidi. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma nikiwa na hasira.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe ufa hukuuziba, ukuta hukuujenga, na waliokuja kuuziba unataka kuwashtaki. Matofali yako yako mdomoni, na mdomo hauzuii mvua. Blanketi la nini kwa mtu anayelala panapovuja?

Unasema ulimpeleka binti yako shule asome. Amesoma, mzee. Amejifunza kukanyaga udongo, kumsikiliza bibi asiyemjua na kutengeneza wimbo kutokana na alichokiona. Kitabu gani kingemfundisha hayo? Akajua yuko kwa nani, akaendelea na kazi, na mbele ya wazazi wote hakukutaja. Mwalimu alisimulia, mtoto alikustahi. Halafu unauliza heshima iko wapi! Inakaa nyumbani kwako imenyamaza, wewe ndiye unayeipigia kelele.

Okware usimshtaki popote. Nenda kwake umwombe radhi, na uende mchana, wanafunzi wakiwepo, kwa sababu ulimkemea watu wakiwepo. Mrudishe mtoto shuleni, kwenye mpira wake na kwaya yake leo hii. Tororo aende, na wewe ukae kwenye kiti usikilize. Wala usithubutu kuwaomba wabadilishe neno hata moja la ule wimbo. Hukuutunga wewe, ingawa umewapa maneno.

Kabla ya Tororo, nendeni Lunyo. Malori yatapita bila wewe, yalikuwepo kabla hujazaliwa. Ukuta uliokandikwa na watoto huwa unapasuka ukikauka, unahitaji kusiribwa mara ya pili. Vua viatu, kunja suruali, ukanyage, na usipojua kipimo cha maji muulize binti yako, yeye anajua. Mwenyekiti akipita mwamkie, usimgombeze. Alisema alichokiona.

Uliniuliza kama wewe ni mtu. Swali hilo si langu. Bibi bado hajui ni nani aliyemkandikia nyumba, kwa hiyo mwache mtoto amtajie jina lake upya, na safari hii aongeze la baba yake, wewe ukiwa umesimama hapo hapo na udongo miguuni.

Mama Loy