Mahubiri Niliyoyatunga Mbele Yako

Yaya wangu Feza, dada yangu mkubwa,

Barua hii naiandika wazi, isomwe na yeyote, kwa sababu uongo wangu nao niliusema wazi, mbele ya kanisa zima. Ningekuandikia pembeni ningekuwa najificha tena, na kujificha nimechoka. Nasikia haya, Yaya. Nasikia haya hata kuandika jina lako.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilirudi kutoka Kavimvira na fotokopi za mtihani wa kuingia masta: vifungu vya Kiingereza, maswali yake, na orodha za maneno magumu. Miaka yangu yote ya shule niliisoma kwa Kifaransa, na chuo nilichokitaka kiko ng'ambo ya mpaka, wanafundisha kwa Kiingereza tu. Nikakata boksi za sabuni vipande vipande, kila kipande neno moja, nikawa natembea uani nayameza, kama nilivyomeza silabasi zote za chuo. Arobaini kwa siku! Wewe ulikuwa kwenye kiti chako kifupi, unamenya mihogo, unanitazama. Siku ya tatu ukacheka.

"Weye unameza kama kuku," ukasema. "Leta hiyo karatasi. Soma mpaka kwenye nukta, halafu uniambie kwa Kiswahili kile umesikia."

Nikasoma. Kila neno nililijua, lakini sentensi inasema nini, sikujua. Basi wewe, uliyeachia masomo kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, wewe ambaye Kiingereza ulikiokota kwa wauguzi ulipokuwa ukiwatafsiria wagonjwa, ukanieleza habari yote bila kusimamisha kisu. Nilikasirika, acha niseme ukweli. Muntu mwenye diploma ukutani anafundishwa na muntu mwenye maganda ya mihogo miguuni! Hata hivyo nilirudi kesho yake, na kesho kutwa, miezi mitano. Majirani wakipita nilipandisha sauti nikisoma, wewe ukanyamaza, wao wakadhani ni mimi ninayekufundisha. Hukuniuliza hata siku moja kwa nini nafanya hivyo.

Habari zikaenea mtaa wetu wa Kilibula mzima kwamba niko na Kiingereza. Mchungaji alipopata mgeni, mhubiri kutoka Uganda asiyejua Kifaransa wala Kiswahili, akaja moja kwa moja kwangu: "Prof, Jumapili utasimama naye, umutafsirie." Ningesema nini? Msomi gani wa kwetu anamwambia mchungaji kwamba hajui? Wewe uliniambia jikoni, taratibu kabisa, "Kusoma na kusikia si kitu kimoja, mudogo wangu. Acha nisimame minye." Nikakujibu kwamba pale mbele wanawake hawatafsiri. Uongo mtupu! Wanatafsiri kila mwaka, na wewe unajua.

Jumapili ikafika. Mgeni akaanza, anaongea mbio, maneno yanakanyagana. Nilishika mawili tu: mbuzi na shati. Nikatunga. Nikawahubiria siku za mwisho, mbuzi upande wa kushoto, kondoo upande wa kuume, mashati meupe ya watakatifu. Mgeni anacheka, watu wanalia. Alisimama kidogo, akawaangalia akina mama waliopiga magoti, akaniangalia mimi, akaendelea. Ni wewe uliyeniambia, wiki nyingine, kwamba maskini alikuwa anaeleza vile mbuzi wake alivyokula shati lake la arusi.

Mgeni aliponyamaza anywe maji, Mama Riziki akakugeukia pale kwenye benchi. Nilimsikia vizuri.

"Feza, weye unasikia hiyo luga. Iko anasema vile?"

Ukaniangalia. Mikro ilikuwa inatetemeka mkononi mwangu.

"Ni vile," ukasema. Wewe, usiyeweza kumdanganya hata mtoto kwamba sukari imekwisha.

Ingeishia hapo, ningejiita mjinga, tungecheka wote wawili. Haikuishia hapo. Baada ya ibada tulikaa sebuleni kwa mchungaji, ukaleta chai na maandazi. Mgeni akakushukuru kwa Kiingereza, nawe ukamjibu hivihivi, termosi mkononi. Akashtuka! Akakuuliza hili na lile, ukajibu, akacheka, ukacheka. Mimi niko pale kati yenu natafuna andazi kama mtu aliyepotea njia. Kisha akamgeukia mchungaji na kusema polepole, neno moja moja, ili mimi nimpate: huyu mama anitafsirie semina yangu ya siku tatu, na ikiisha tunamtaka ofisini kwetu Bujumbura, kazi ya kudumu, tumemtafuta mtu wa namna hii muda mrefu.

Yaya, siku ile nzima, hiyo ndiyo sentensi pekee niliyoielewa yote.

"Anasema nini?" mchungaji akauliza.

"Anasema anashukuru sana kwa chai."

Ulikuwa umesimama palepale. Ulisikia alichosema yeye na nilichosema mimi. Kisha nikamwambia mgeni kwamba dada yangu ana mashamba Runingu, hataweza. Kwa hilo Kiingereza changu kilitosha! Ungeweza kufungua kinywa. Lugha unayo, na mchungaji anakupenda. Ulingoja kidogo. Nafikiri ulikuwa unanipa nafasi nijirudi. Sikujirudi, na wewe ukakusanya vikombe, ukatoka.

Semina yenyewe nilisingizia malaria. Wakamleta kijana mmoja kutoka Bujumbura, na nasikia ndiye aliyepewa ile kazi.

Asubuhi iliyofuata ile chai nilidhani nitakuta kiti chako kitupu. Ulikuwepo. "Leta karatasi," ukasema. Heri ungenipiga, Yaya. Heri ungenitukana, nami nipate la kukujibu. Ulinisomesha mwezi mwingine mzima, mpaka nikaweza kusoma kifungu na kukueleza bila kuangalia orodha, ndipo ukafunga mizigo yako na kwenda Runingu kweli, kwenye shamba la marehemu baba, kana kwamba ulitaka yale niliyomwambia mgeni yasiwe uongo.

Sasa nimepita. Nilipokupigia simu ulipiga vigelegele mpaka nikaitoa sikioni. Nikajikaza, nikakuuliza kwa nini siku ile hukusema kitu.

"Weye ulikuwa na mutihani," ukanijibu. "Minye niko na mihogo." Halafu ukauliza kama nimekula.

Nilikata simu nikalia, mtu mzima, nimesimama kando ya barabara, wauza samaki wa ndagala wananitazama. Sikulia kwa sababu umenisamehe. Nililia kwa sababu hukutaja hata ile kazi. Najua uliitaka. Niliuona uso wako mgeni aliposema Bujumbura.

Jumapili hii kanisa linanifanyia shukrani kabla sijavuka. Watanisimamisha mbele, wataimba, mchungaji atauliza Mungu amenisaidia kwa njia gani. Hapo nitaitoa barua hii na kuisoma yote, pamoja na mbuzi, pamoja na chai. Sijui kama baada yake watanipa mkono. Nimeshamwandikia mgeni pia ukweli wote, kwa Kiingereza, bila mtu wa kunisahihisha. Hajajibu, wala sijui kama ile kazi itarudi, kwa hiyo wewe sikuahidi kitu.

Tafuta moto, pikipiki ya abiria, asubuhi mapema utoke Runingu. Vaa kitenge chako kizuri, usikae nyuma. Najua watu wa kwetu: nikifika kwenye ile chai hawataamini, watasema ni unyenyekevu wa msomi, watapiga makofi. Mama Riziki atakugeukia akuulize kama ni vile. Nakuomba, Yaya, usinihurumie. Hata ukiniona pale mbele natetemeka, umwambie kweli.

Mudogo wako,
Bahati